Je, wahamiaji ndio waliobadili dini ya Uingereza?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Niko Majengo, Moshi, nauza vipuri vya pikipiki. Kaka yangu anaishi Leicester, Uingereza, mwaka wa sita sasa. Kila akipiga simu anasema kule makanisa yanauzwa, mengine yamekuwa misikiti, na kwamba Uingereza ya Wakristo wageni wameimaliza. Nilipoileta habari hiyo kijiweni, baba mdogo akadakia: hata Moshi mjini ilikuwa ya Walutheri mpaka watu wa kuja walipoijaza. Tumebishana mpaka muuza kahawa kafunga. Tusaidie: ni kweli uhamiaji hubadili dini ya nchi? Na kama ni kweli, huchukua muda gani?"

Marahaba, mwanangu. Kaka yako ameona kitu cha kweli ila ametaja sababu isiyo yake. Baba mdogo naye amechanganya mji na mlima, kwake nitarudi. Nianze na kaka, kwa sababu kule alikohamia watu wamehesabiwa, na penye hesabu mabishano hufupika.

England na Wales huuliza dini kwenye sensa tangu 2001. Swali ni la hiari, asiyetaka halijibu. Mwaka 2011, katika kila watu 100, waliojiandika Wakristo walikuwa 59. Mwaka 2021 walikuwa 46, yaani kwa mara ya kwanza chini ya nusu. Hapo najua kijiwe kizima kitapiga makofi: si unaona? Ngoja kwanza. Chukua ile kalamu unayoandikia madeni ya wateja, uandike na ya upande wa pili. Waislamu, katika miaka hiyohiyo kumi, walitoka karibu 5 katika kila 100 wakafika 6 na nusu. Wakristo wameshuka pointi 13, Waislamu wamepanda chini ya pointi 2. Hesabu haifungi. Pointi zilizobaki zimekwenda wapi?

Zimekwenda kwenye kisanduku cha "sina dini", kilichotoka 25 kikafika 37. Na huyo aliyejaza kisanduku hicho, wengi wao, hakushuka na ndege. Amezaliwa hapohapo. Bibi yake alikuwa haikosi ibada, mama yake alikwenda Krismasi na kwenye harusi, yeye hakwenda kabisa, na sensa ilipopita akaandika ukweli. Kanisa analoliona kaka yako limeuzwa lilikuwa limebaki na wazee kumi na paa linalovuja miaka mingi kabla mnunuzi hajatokea. Aliyelinunua, awe Mwislamu au mjenzi wa nyumba za kupangisha, alikuta milango imeshafungwa.

Tena kuna jambo ambalo kijiweni halitajwi kamwe: wahamiaji wengi wanaoingia Ulaya na Marekani ni Wakristo. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilikadiria kwamba mwaka 2020 dunia ilikuwa na watu kama milioni 280 wanaoishi nje ya nchi walizozaliwa. Katika kila 100, Wakristo walikuwa 47, Waislamu 29. Huko Uingereza Wapoland waliomiminika baada ya nchi yao kuingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004 walijaza parokia za Kikatoliki. Wanigeria na Waghana wamefungua makanisa kwenye maghala na kumbi za sinema za zamani. Bila hao, ile 46 ingekuwa chini zaidi. Mgeni, kwa upande wa Ukristo wa Uingereza, amekuwa mguu wa kuegemea.

Lakini siwezi kumwambia kaka yako kwamba macho yake yamemdanganya, maana Leicester si England. Sensa ya 2021 ilikuta hapo Wakristo karibu 25 katika kila 100, Waislamu 23 na nusu, Wahindu karibu 18, wasio na dini 23. Hakuna hata kundi moja lenye theluthi. Huo ni mji ambao uhamiaji umeubadilisha kweli, na sehemu ya habari hiyo ilianzia huku kwetu.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Kama elfu 27 waliingia Uingereza. Halmashauri ya Leicester ilipoona wengi wanaelekea kwake, ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije. Wakaja. Nadhani tangazo lenyewe ndilo lililowaonyesha wengine kwamba kuna mji unaitwa hivyo na ndugu zao wako huko. Sisi Tanzania hatukumfukuza mtu kwa siku 90, lakini sheria ya 1971 ya kutaifisha majengo ya kupangisha iliwagusa hasa wenye maduka, na familia nyingi za Kihindi za miji kama Moshi na Arusha zikafunga virago kwenda Uingereza na Canada. Tembea mjini kwenu uangalie majengo ya zamani yenye miaka na majina yaliyochongwa juu ya milango: wenyewe wengi hawapo. Kila mahali palipojaa waumini wa dini fulani, jua kuna mahali pamepungua. Hekalu jipya la Leicester na viti vitupu vya hekalu la huku ni habari moja.

Sasa jinsi mambo yanavyofanya kazi. Dini ya nchi hubadilika kwa njia nne: kuzaliwa, kufa, kuhama na kubadili dini. Watu huangalia kuhama peke yake kwa sababu mgeni anaonekana. Mtoto mchanga haonekani, na jirani aliyeacha kusali haonekani kabisa. Ila kuhama kuna siri moja iliyofichwa ndani yake, nayo ni umri. Anayehama kwa kawaida ni kijana. Hapo England na Wales, mwaka 2021, umri wa katikati (nusu ya watu wako juu yake, nusu chini yake) wa Wakristo ulikuwa miaka 51, wa Waislamu miaka 27. Kundi la miaka 51 linakwenda kuzika. Kundi la miaka 27 linakwenda kliniki ya wajawazito.

Fanya hesabu ya kubuni. Mji una watu 1,000 wa dini moja, wanaozaliwa wanalingana na wanaokufa, kwa hiyo wanabaki 1,000. Wanakuja wageni 50 wa dini nyingine, wanandoa vijana, nyumba 25. Siku wanapofika ni chini ya 5 katika kila 100. Kila nyumba ipate watoto wanne: wamekuwa 150, na baada ya miaka ishirini na mitano wao ni 13 katika kila 100, bila hata mgeni mwingine mmoja kuongezeka. Hapo ndipo baba wadogo wote wa dunia huchora mstari unaopanda mpaka mbinguni. Mstari haupandi hivyo. Watoto wale wanne wakikua wamesoma shule zilezile, wamelipa kodi za nyumba zilezile, wao wenyewe huzaa wawili kama wenyeji. Kasi hupungua kwa kizazi cha pili, na cha tatu hakitofautiani sana na majirani. Nawe unalijua hili bila chuo: linganisha watoto wa bibi yako wa kihambani, kule kwenye shamba la migomba la ukoo, na watoto wa dada zako walioko Dar es Salaam.

Kuna na jambo la pili ndani ya kuhama, hili mimi hulipenda zaidi: mtu anayehama si sampuli ya nchi yake. India, katika kila watu 100, karibu 80 ni Wahindu. (Wahindu, yaani wenye dini hiyo, sisi tumezoea kumwita kila mtu wa kule Mhindi, kisha tunachanganya.) Lakini kati ya Wahindi walioko Marekani, Wahindu ni kama nusu tu, na Wakristo, ambao India ni wawili au watatu katika kila 100, huko ni zaidi ya 10. Wamarekani wenye asili ya Korea wengi ni Wakristo, ilhali Korea Kusini kwenyewe Wakristo hawafiki theluthi. Sehemu yake ni kwamba Wakristo ndio walioondoka zaidi. Sehemu nyingine ni kwamba mtu akifika ugenini hajui pa kupanga wala pa kupata kazi, na kanisa la Wakorea linajua vyote viwili, tena kwa lugha yake. Anaingia kwa ajili ya chumba, anabaki kwaya.

Hapa Arusha mambo hayohayo nayaona kila siku. Kijana wa Kimaasai anashuka kutoka Longido kuja kulinda geti, baada ya mwaka mmoja ana Biblia au ana kanzu, kutegemea nani alimpokea. Msichana wa Rombo, Mkatoliki wa kuzaliwa, anapanga Sakina, jirani anamkaribisha kwenye maombi ya usiku, miaka mitatu baadaye ni mlokole na kwao wanamwombea arudi. Hakuna aliyevuka mpaka wa nchi. Wamepanda Noah tu.

Nije sasa kwa baba mdogo, na nitaanzia Meru, hapa jirani na Arusha, kabla ya Moshi, maana Meru kuna mambo mawili yaliyotokea karibu na karibu ambayo kila nikiyafikiria nayaona yamejibu swali lako kuliko sensa ya Uingereza.

La kwanza: mwaka 1942 na baada yake, Tengeru, kando ya ziwa Duluti, ilijengwa kambi ya wakimbizi wa Poland. Walikuwa wametolewa makwao na Wasovieti, wakapelekwa kwenye baridi ya mbali, wakaachiwa, wakapita Uajemi hadi kufika huku. Kama elfu tano, wengi wanawake na watoto, karibu wote Wakatoliki. Wakawa na kanisa lao, shule zao, karakana zao. Kwa wilaya ile na zama zile, elfu tano ni watu wengi mno. Ungetegemea Meru ya leo iwe na alama yao kila kona. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikuwa wamekwisha kuondoka, kwenda Uingereza, Canada, Australia na kwingineko. Waliobaki ni makaburi yenye misalaba na majina ambayo mtunza makaburi pekee ndiye anayeyatamka vizuri.

La pili: mwaka 1896, Akeri, mwendo mfupi kutoka hapo Tengeru, walifika wamisionari wawili wa misheni ya Kilutheri ya Leipzig, Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock. Waliuawa kabla hata hawajajenga. Wawili tu, tena waliuawa. Wenzao wakarudi baadaye, wakafungua shule, wakajifunza lugha. Leo Meru ni Walutheri hasa, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lina dayosisi inayobeba jina hilo.

Elfu tano hawakubadili kitu, na wachache waliotanguliwa na makaburi mawili walibadili wilaya nzima. Tofauti iko wapi? Wapoland walikuwa kambini, walikuwa na lugha yao, hawakuoa wala kuolewa na wenyeji isipokuwa kwa nadra, na macho yao yalikuwa nyumbani. Wale wengine walikuja kwa nia ya kubaki na walishika shule. Na aliyeshika shule wakati huo alishika watoto, alishika ukarani, alishika hata tarehe ya harusi.

Mlimani kwenu Kilimanjaro ilikuwa vivyo hivyo. Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzia Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, Walutheri wa Leipzig wakaanzia Machame mwaka 1893. Mangi, yaani chifu wa Kichagga, akimpokea huyu, nchi yake ikaelekea huko. Ndiyo maana mpaka leo ukitaja Machame au Marangu mtu anawaza Ulutheri, ukitaja Kibosho au Rombo anawaza Ukatoliki, ingawa kila mahali wapo wa upande mwingine, na wapo Wachagga Waislamu wa vizazi vingi ambao watu wa nje hushangaa kusikia habari zao.

Lakini Moshi mjini si mlimani, na hapo ndipo baba mdogo alipoteleza. Moshi iliyokuwa ya Mangi na ya misheni ni Old Moshi, huko juu. Mji unaoukaa wewe ulikua kuzunguka stesheni, baada ya reli kutoka Tanga kufika mwaka 1911. Na reli haikuleta mizigo peke yake. Ilileta watu wa Tanga na Pangani, mafundi, wapagazi wa zamani, wapishi, wachuuzi, wengi wao Waislamu waliokwisha kuzoea Kiswahili na maisha ya mjini. Ilileta wenye maduka Wahindu, Masingasinga na Waismailia. Wenye vihamba walibaki vihambani kwao, wakishuka kuuza na kupanda jioni. Kwa hiyo huko Majengo na Pasua watu wa pwani ndio waliotangulia. Mchagga mwenyewe kwa wingi amekuja mjini baadaye, kihamba kilipogawanywa mpaka kikabaki upana wa migomba michache. Ukitaka kuwa mkali kijiweni, mwambie baba mdogo: kwa upande wa mjini, watu wa kuja ni sisi Wachagga.

Arusha ina tabaka zake. Warangi wa Kondoa waliuongezea mji huu Waislamu wengi, kwa biashara na kazi. Wapare wa Kusini walikuja na Usabato, kwa sababu Wasabato wa kwanza kutoka Ujerumani walianzia Giti, upareni, mwaka 1903. Leo Jumamosi asubuhi ukiona maduka kadhaa yamefungwa na familia zimevaa vizuri, hiyo ni Giti inatembea Arusha miaka mia moja na ishirini baadaye. Chuo kikuu chao nacho kiko Usa River. Wagiriki wa mashamba ya kahawa na mkonge waliacha kanisa lao la Kiorthodoksi, waumini wachache.

Umeuliza muda. Kwa mji, kizazi kimoja kinatosha. Leicester ni shahidi. Kwa taifa zima, bila kulazimishana, hesabu vizazi viwili vitatu, na hata hapo kubadili dini au kuiacha kwa kawaida huwa kumefanya kazi kubwa kuliko kuhama. Kwa nguvu ni suala la miezi. Mwaka 1947 India na Pakistan zilipogawanywa, watu kama milioni 14 walivuka huku na huku, na Punjab ambayo Waislamu, Wahindu na Masingasinga walikuwa wakiishi kijiji kimoja ikakatwa katikati. Mwaka 1923 Ugiriki na Uturuki zilikubaliana Lausanne kubadilishana watu, na kipimo kilikuwa dini peke yake: Mkristo wa Kiorthodoksi asiyejua ila Kituruki alipelekwa Ugiriki, Mwislamu wa Krete aliyezungumza Kigiriki akapelekwa Uturuki. Sijui ukatili wa ukarani unaozidi huo.

Na angalia nani anahesabiwa. Qatar na Falme za Kiarabu, karibu tisa katika kila wakazi kumi ni wageni. Siku za ibada kanisa Katoliki la Dubai hujaa Wafilipino na Wahindi mpaka nje. Je, dini ya taifa imebadilika? Ya wakazi, ndiyo. Ya raia, hata kidogo, kwa kuwa mkataba ukiisha mtu anarudi kwao. Lebanon wao wameogopa kabisa kuhesabu: sensa rasmi ya mwisho ni ya 1932, na kwa miongo mingi viti vya bunge viligawanywa sita vya Wakristo kwa vitano vya Waislamu, hadi makubaliano ya Taif ya 1989 yalipoweka nusu kwa nusu. Katikati hapo Wakristo wengi wamehamia Amerika na Ulaya, Wapalestina wameingia 1948, Wasyria zaidi ya milioni baada ya 2011, na wengi wa wakimbizi hao hawamo kwenye daftari la raia.

Usiwacheke. Sisi nasi sensa ya mwisho kuuliza dini ni ya 1967, na ilikuta watu wamegawanyika karibu theluthi kwa theluthi: Wakristo, Waislamu, na wenye dini za jadi. Tangu hapo dodoso limeuliza mpaka aina ya choo, dini halijauliza, hata sensa ya 2022 iliyohesabu watu milioni 61.7. Makadirio ya Pew ya 2020 yanaweka Wakristo kama 63 katika kila 100 na Waislamu 34. Mtu yeyote kijiweni anayekutajia namba kamili ya dini yake kana kwamba imetoka serikalini, mwulize sensa ya mwaka gani. Lakini hata kwa makadirio, badiliko kubwa linaonekana wazi, nalo si la nani kaingia nchini. Ile theluthi ya tatu imeyeyuka, imegawanywa na hizo mbili nyingine. Wakimbizi wa Burundi wa 1972 na watoto wao, waliopewa uraia mwaka 2014, ni kama 162,000. Ni wengi kwa makazi yao ya Katumba na Mishamo, ni tone kwa nchi hii. Waliotikisa hesabu ni wenyeji waliohama ndani kwa ndani: kijijini kwenda kijiji cha ujamaa, shambani kwenda mgodini, mlimani kwenda stesheni.

Kaka yako akipiga simu tena, kabla hajafika kwenye habari za makanisa kuuzwa, mwulize anakosali yeye kwaya wanaimba akina nani na wametoka wapi. Baba mdogo naye mwambie akitaka kubisha aje Arusha siku ya Jumamosi, nitampeleka Tengeru makaburini, kisha Akeri. Nauli ya kurudi nitalipa mimi.